Punje bandia kwenye pani ya mfululizo: zinazaliwa wapi, na uanze kugusa nini

Kwa aliye mgeni na mapani: pani ni chombo kinachochemsha shira chini ya vakyumu hadi sukari igande kuwa punje. Masekwiti ni mchanganyiko mzito wa punje na shira unaotoka humo (A ni wa mpiko wa kwanza, kisha B na C). Mbegu ni punje ndogo zinazoingizwa ili zikue, na punje bandia ni zile zinazozaliwa njiani bila kutakiwa. Briksi ni asilimia ya kilichomo kisicho maji. Sentrifuji huzunguka kwa kasi kutenganisha punje na shira inayobaki, yaani molasi.

Swali la msomaji: "Habari za kazi, mtaalamu. Nipo kiwanda cha sukari, upande wa mapani. Tuna pani ya mfululizo ya masekwiti A yenye vyumba 12. Mbegu inaingia ikiwa na punje za milimita 0.5, tunalenga kutoa 0.75. Kuna siku mambo ni sawa, na kuna siku masekwiti inatoka imejaa punje bandia, sentrifuji zinaziba na sukari inatoka na unyevu. Nikishusha briksi punje bandia zinapungua, lakini uzalishaji nao unashuka na mkuu wa zamu hakubali. Ni hali gani hasa za uendeshaji zinazofanya punje mpya zizaliwe, na nianze kugusa wapi?"

Ndugu yangu, usianze na briksi. Briksi unayoisoma kwenye skrini ni wastani wa chumba, na punje mpya hazizaliwi kwenye wastani. Zinazaliwa kwenye kona iliyo mbaya kuliko zote, katika dakika iliyo mbaya kuliko zote. Ukishusha briksi ya vyumba vyote 12 kwa ajili ya kona moja na dakika chache za zamu, ni lazima uzalishaji ushuke, kwa sababu umepunguza kasi ya kukua kwa punje kila mahali na kila saa. Mkuu wa zamu ana haki ya kukataa. Kazi yako ni kuitafuta hiyo kona na hiyo dakika.

Kwanza tuelewane kuhusu kipimo kinachotawala jambo hili. Nitakiita kiwango cha ushibe: sukari iliyoyeyuka kwa kila sehemu ya maji, ikigawanywa kwa ile ambayo maji hayo yangebeba yakiwa yameshiba sawasawa kwenye joto hilohilo. Kikiwa 1.0 hakuna kinachokua wala kuyeyuka. Wapishi wa sukari hugawa eneo la juu ya hapo mara tatu. Hadi karibu 1.2 punje zilizopo hukua na mpya hazizaliwi kwa urahisi. Kati ya 1.2 na 1.3 mpya huzaliwa iwapo tayari kuna nyingine ndani. Juu ya 1.3 huzaliwa zenyewe hata kwenye shira tupu. Mipaka hii husogea kulingana na joto na usafi wa shira (sehemu ya sukari kati ya vyote vilivyoyeyuka ndani yake), kwa hiyo usiichukue kama ukuta. Ndani ya pani iliyojaa punje zinazogongana, mpaka wa kwanza huvukwa mapema zaidi. Mwaka 1971 Clontz na McCabe walionyesha, wakitumia magnesiamu salfeti, kwamba fuwele ikiguswa kidogo tu ndani ya mmumunyo ulioshiba kupita kiasi huzaa fuwele mpya, ingawa yenyewe haionyeshi jeraha. Idadi ya watoto hao iliongezeka kadiri pigo lilivyokuwa na nguvu na kadiri ushibe ulivyokuwa juu. Sukari nayo hufuata mkondo huo. Katika pani yako punje nyingi bandia ni watoto wa punje zako mwenyewe, na ushibe ndio unaoamua kama watoto hao wataishi au watayeyuka.

Jambo la pili ni hesabu ya idadi. Pani ya mkupuo, ile inayopika mzigo mmoja kisha ikamwagwa, ina saa yake ya kupanda mbegu. Ikiharibika hapo, mpishi anaosha kwa maji, anaendelea, na kosa linaishia kwenye mpiko mmoja. Pani ya mfululizo haina saa hiyo. Idadi ya punje zinazotoka kwa saa inapaswa kuwa ileile iliyoingia na mbegu. Uzito wa punje hufuata urefu wake uliopigwa kipeo cha tatu, kwa hiyo kutoka 0.5 hadi 0.75 mbegu ni (0.5 ÷ 0.75) kwa kipeo cha tatu, yaani karibu asilimia 30 ya uzito wa punje zinazotoka. Tuseme pani inatoa tani 20 za punje kwa saa, ukiacha molasi pembeni. Unahitaji karibu tani 6 za punje za mbegu kila saa, na tani 14 zilizobaki zijipake juu ya mbegu hizo. Kila punje inayozaliwa njiani inakula sehemu ya tani hizo 14.

Tena inakula kwa namna ambayo macho hayaoni. Kilo moja ya punje za milimita 0.1 ina punje mara 420 hivi kuliko kilo moja ya punje za 0.75. Kwa hiyo maabara ikikuambia kwamba vumbi la 0.1 ni asilimia 1 tu ya uzito, kwa hesabu ya vichwa kila punje yako nzuri moja imezungukwa na bandia nne. Hizo nne ndizo zinazojaza nafasi kati ya punje kubwa kwenye sentrifuji, molasi inakosa pa kupita, na sukari inabaki na unyevu.

Soma umri wa punje bandia kabla ya kugusa valvu yoyote

Kipimo hiki hakigharimu kitu na kinafuta nusu ya mabishano ya zamu. Punje zilizo kwenye shira moja hukua kwa kasi inayokaribiana bila kujali ukubwa wake, ukipima kwa urefu. Mbegu yako inakua milimita 0.25 kupitia vyumba 12, yaani 0.02 hivi kwa kila chumba. Basi punje bandia ya 0.12 kwenye mlango wa kutokea imezaliwa vyumba sita nyuma. Ya 0.04 imezaliwa vyumba viwili vya mwisho. Yenye zaidi ya 0.25 haikuzaliwa kwenye pani kabisa: imeingia na mbegu, au na molasi inayorudishwa.

Makadirio haya hayana usahihi wa rula. Punje changa sana mara nyingi hukua polepole kuliko wenzake, na kasi ya vyumba vya mwisho huwa ndogo kwa sababu usafi wa shira mama, ile inayozizunguka punje, umeshuka, kwa hiyo mara nyingi mzaliwa ana umri mkubwa kidogo kuliko unavyokadiria. Hata hivyo yanatosha kukuambia uende mwanzo, katikati au mwisho.

Chukua sampuli kutoka mbegu inayoingia, kisha vyumba 1, 3, 6, 9 na 12, zote ndani ya dakika kumi. Pasha kioo cha hadubini hadi nyuzi 60 au 65, weka tone dogo, funika, tazama mara moja. Kioo baridi huzalisha punje bandia zake chenyewe, na utaanza kukimbiza tatizo ambalo halipo. Ukihitaji kuichanganya sampuli iwe nyepesi, tumia shira ya sukari nyeupe iliyoshiba kwenye joto hilohilo. Maji yatayeyusha zile ndogo unazozitafuta.

Tazama pia umbo. Mzaliwa halisi ana kona kali na nyuso safi. Kipande cha punje iliyovunjika kina upande mmoja uliochongoka ovyo, au kimeanza kujiponya. Vipande vingi maana yake ni mashine, na ukiviona usihangaike na vakyumu. Mara nyingi chanzo ni sentrifuji za mfululizo zinazotenganisha sukari B inayofanywa magma, yaani sukari iliyochanganywa tena na shira ili iwe mbegu: punje zinarushwa kwa kasi kwenye ukuta wa kapu na nyingine zinapasuka. Kama mbegu yako inatokana na magma ya namna hiyo, ichanganye kwa shira ambayo haijashiba badala ya iliyoshiba, iache izunguke dakika 10 hadi 15 ikiwa ya moto, vumbi lote liyeyuke kabla halijafika pani. Utapoteza punje kidogo na kupata mbegu safi. Pampu ya mbegu nayo iwe ya mapezi au meno inayozunguka taratibu. Pampu ya kasi kubwa ni kinu cha kusaga.

Presha ya vakyumu: hapa ndipo ningetafuta kwanza

Umesema kuna siku nzuri na siku mbaya. Tatizo linalokuja na kuondoka, huku briksi iliyowekwa haijabadilika, huwa limetokana na kitu kinachoyumba, na kwenye pani kitu kinachoyumba kwa urahisi kuliko vyote ni presha.

Fuata hesabu hii taratibu, kwa sababu wengi hulipuuza jambo hili kwa kuwa hawajawahi kuliandika kwenye karatasi. Maji huchemka nyuzi 60 kwenye presha halisi ya kilopaskali 20, na nyuzi 55 kwenye karibu 16. Masekwiti huchemka juu zaidi kwa sababu ya sukari iliyomo, lakini inashuka pamoja nayo: presha ikianguka kilopaskali 4, masekwiti inapoa karibu nyuzi 5. Uwezo wa maji kubeba sukari hupungua karibu asilimia 1.2 kwa kila nyuzi, kwa hiyo nyuzi 5 ni asilimia 6. Ulikuwa 1.12, umefika 1.19. Wengi huishia hapo na kusema bado tuko salama.

Hawajahesabu maji yaliyoondoka. Masekwiti haipoi bure. Inapoa kwa kuchemka ghafla. Kilo moja ya masekwiti ikishuka nyuzi 5 inaachia karibu kilojuli 10, na joto hilo linageuza gramu 4 hivi za maji kuwa mvuke. Gramu 4 ni kidogo, ila masekwiti ya briksi 91 ina gramu 90 tu za maji kwa kilo. Umeondoa zaidi ya asilimia 4 ya maji yote ndani ya dakika chache. Zidisha na ile ya kwanza: kutoka 1.12 umefika karibu 1.24. Sasa umo ndani ya eneo ambalo punje huzaana, na sensa ya briksi inaweza isikuonyeshe zaidi ya mtikisiko wa nusu ya pointi.

Kwa hiyo vuta chati ya presha ya siku mbaya na ya siku nzuri, uziweke pamoja. Usitazame wastani wa saa. Tazama kila sekunde 10 au kila dakika. Sababu za kuyumba ninazozijua ni chache na zinatambulika. Ya kwanza ni kondensa (chombo kinachopoza mvuke wa pani uwe maji) inayotumiwa kwa pamoja na pani za mkupuo. Pani ya mkupuo ikifunguliwa kwenye bomba la pamoja ikiwa bado na hewa, presha ya mfumo inapanda, mchemko kwenye pani yako unazimika kidogo, kalandria (mabomba ya kupashia yaliyo ndani ya pani) inaendelea kupasha, na masekwiti inajikusanyia joto. Kisha pampu inaishinda ile hewa, presha inarudi chini, na joto lote lililokusanywa linatoka kwa mpasuko mmoja. Madhara yapo kwenye kule kurudi, si kwenye kupanda. Dawa ni kuitoa hewa ya pani ya mkupuo kwa ejekta (kifaa cha kunyonya hewa) yake yenyewe hadi ikaribie presha ya mfumo ndipo ifunguliwe, na bora zaidi, pani ya mfululizo iwe na kondensa yake.

Ya pili ni maji ya kondensa. Usiku yanapoa, na kama presha haidhibitiwi kiotomatiki vakyumu inazama yenyewe. Ukiona punje bandia zinapenda zamu ya usiku, usiwalaumu watu wa usiku kabla hujaangalia joto la maji. Ya tatu ni valvu ya maji hayo inayofunguka na kujifunga bila kutulia kwa sababu kidhibiti kimewekwa kikali mno. Lenga presha isiyoyumba zaidi ya nusu kilopaskali. Nusu hiyo ni nyuzi 0.6, na pani inaimeza bila shida.

Na hakikisha unapima presha halisi, si tofauti yake na presha ya hewa ya nje. Viwanda vilivyo karibu na Ziwa Victoria, Kenya, Uganda na Kagera, vipo juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, ambako presha ya hewa ni karibu kilopaskali 88. Geji ya kawaida ikisoma vakyumu ya 71 huko, presha halisi ni 17. Geji hiyohiyo ikisoma 71 kwenye kiwanda kilicho usawa wa bahari, presha halisi ni 30, na mpiko ni mwingine kabisa. Maelekezo yaliyonakiliwa kutoka kiwanda kimoja kwenda kingine kwa kusoma geji yameharibu sukari nyingi.

Mbegu ikipungua, ushibe hupanda wenyewe

Watu huogopa mbegu nyingi, kwa hofu kwamba punje zitakuwa ndogo. Mbegu chache ni hatari zaidi. Mvuke unaendelea kuondoa maji kwa kasi ileile, sukari inatafuta uso wa kujipaka, na nyuso zimepungua. Chukua mfano wetu: mbegu ikishuka kutoka tani 6 hadi tani 4, uso wa kupokea sukari umepungua kwa theluthi. Ili sukari ileile ijipake juu ya theluthi mbili za uso, nguvu inayoisukuma, yaani sehemu ya ushibe iliyo juu ya 1.0, inabidi iwe mara moja na nusu. Ilikuwa 0.12, sasa inataka 0.18. Pani itajisogeza hadi hapo bila mtu kugusa kitu, kisha ikifika inatengeneza nyuso ilizozikosa: punje bandia. Hapo matokeo ni kinyume cha yale mtu aliyepunguza mbegu aliyatarajia.

Kwa hiyo mtiririko wa mbegu upimwe kwa mita au kwa kuhesabu mizunguko ya pampu, na ufungamane na mtiririko wa shira. Usiachwe kwa valvu ya mkono. Tangi la mbegu likikaribia kuisha, punguza mvuke na shira pamoja na mbegu, kwa uwiano uleule. Pani inaweza kwenda kwa nusu ya uwezo siku nzima bila tatizo. Isichoweza ni kwenda kwa mvuke kamili na mbegu nusu kwa dakika ishirini.

Kuna upande wa pili. Masekwiti yenye punje nyingi mno inakuwa nzito, haizunguki, na punje zinasuguana. Dalili yake ni uso uliolala, unaochemka kwa mapovu makubwa ya hapa na pale badala ya kugeuka wote. Hapo ongeza mvuke wa kuchochea unaopulizwa kutoka chini kama pani yako ina mabomba yake, au ruhusu shira zaidi.

Shira inayolishwa

Iwe haijashiba, iwe haina punje, na iwe na joto linalokaribia la pani. Kosa ninalolisisitiza ni molasi A, ile iliyotenganishwa na masekwiti A, inayorudishwa. Vumbi lililozaliwa kwenye vyumba vya mwisho ni dogo kuliko tundu za wavu wa sentrifuji, linapita na molasi, linaingia tangini, na kama halikuyeyushwa linarudi kwenye pani kama mbegu ambayo hukuialika. Pani inayolishwa molasi ya namna hiyo inaweza kuonyesha punje bandia hata baada ya chanzo cha kwanza kurekebishwa, na watu wanakata tamaa wakidhani dawa haikufanya kazi. Punguza molasi hadi briksi 70 hivi, ipashe hadi nyuzi 70, iache muda wa kutosha tangini, halafu weka tone chini ya hadubini. Kama bado kuna punje inayometa, haijawa tayari.

Ikiwa shira ni nyepesi kupita kiasi, tuseme 60 wakati ulizoea 66, utayeyusha punje pale inapoingilia na kulazimisha kalandria kuondoa maji mengi zaidi mbele. Isambazwe chini ya kalandria kwa upana wote wa chumba. Bomba la kusambazia likiziba upande mmoja, upande ule unakauka huku sensa iliyo upande wa pili ikisema kila kitu ni sawa. Ndiyo ile kona niliyoitaja. Itafute kwa kupima joto na kuchukua sampuli pande zote mbili za chumba.

Shira ikikatika, mvuke ushuke mara moja na maji ya moto yafunguke. Mfumo wa kiotomatiki ufanye hivyo. Mpishi aliye upande wa pili wa jukwaa hawezi kuwahi.

Kina, ukoko na miwa iliyochelewa

Kila sentimita 10 za masekwiti zinaongeza presha ya kilopaskali 1.4 hivi kwa kilicho chini. Kwa hiyo juu kunapoa na kukauka, chini kuna joto na hakuchemki, na ushibe wa juu kabisa uko kwenye uso. Mzunguko mzuri unachanganya tabaka hizo kabla hazijatofautiana sana. Kina kikiwa kikubwa kuliko kilichoelekezwa na mtengenezaji, tabaka la juu linakaa muda mrefu zaidi na kuzaa. Shusha kina kwanza kabla hujafikiria kuongeza mvuke.

Ukoko wa sukari unajengeka ukutani juu ya uso wa masekwiti, panaporushiwa matone na kukauka. Unapoanguka unaleta mabonge na vumbi kwa pamoja. Ukoko ulio kwenye njia kati ya chumba na chumba una madhara mengine: unaziba, masekwiti inatafuta njia ya mkato, baadhi ya punje zinatoka mapema zikiwa ndogo. Punje hizi hudhaniwa kuwa bandia. Hadubini itakuonyesha tofauti: za njia ya mkato ziko kati ya 0.5 na 0.65, si 0.1. Pani za A huota ukoko mapema kuliko za C kwa sababu shira yake ni safi zaidi na inakua haraka. Ukoko ukianza kuanguka, ichemshe pani kwa maji, na usisubiri ratiba.

Miwa iliyochomwa ikakaa shambani siku mbili tatu kabla ya kufika kiwandani huja na dekstrani, inayotengenezwa na bakteria wa Leuconostoc. Masekwiti inakuwa nzito, punje zinarefuka kama sindano, na kukua kunapungua. Ukiendelea na mvuke uleule, kasi ya kuondoa maji imezidi kasi ya punje kupokea sukari, ushibe unapanda, zinazaliwa mpya. Ukiona punje ndefu kwenye hadubini, punguza mvuke kwenye vyumba vyote kwa asilimia 10 hadi 15 hadi miwa hiyo ipite, na upeleke ujumbe kwa watu wa mashambani. Tatizo hilo halitibiki kwenye pani.

Zikishazaliwa

Kuosha kwa maji kuna gharama ambayo wengi hawaihesabu. Maji hayachagui punje bandia peke yake. Yanakula kila punje kwa urefu unaokaribiana. Kuyeyusha bandia ya milimita 0.03 unazitoa nzuri za 0.75 hadi 0.72, na umepoteza asilimia 11 hadi 12 ya uzito wake. Ukisubiri hadi bandia zifike 0.1, kuzimaliza kunazirudisha nzuri hadi 0.65, yaani zaidi ya theluthi ya sukari imerudi kwenye shira. Kwa hiyo osha mapema au usioshe. Bandia zikiwa chini ya 0.04, fungua maji ya moto kwenye chumba chenye tatizo na kinachofuata tu, pandisha presha kilopaskali 2 taratibu ili joto lisaidie, na uache mvuke wazi kwa sababu bila mvuke hakuna mzunguko na maji yatakaa juu. Zikiwa zimeshakuwa kubwa, ziache zipite, panga sentrifuji kwa mizigo midogo na muda mrefu wa kukausha, na upeleke nguvu zako kuzuia nyingine zisizaliwe.

Unapoirudisha presha baada ya kuosha, irudishe polepole, robo kilopaskali kwa dakika tano. Nimeona mara nyingi kazi nzuri ya kuosha ikiharibiwa kwa kurudisha vakyumu kwa mkupuo: ni mporomoko uleule wa presha tulioupigia hesabu, safari hii kwa mkono wa mpishi.

Utaratibu wangu kwako ni huu. Leo chukua sampuli za vyumba na usome umri wa punje bandia. Zikiwa kubwa kuliko 0.25, nenda kwenye magma, pampu ya mbegu na molasi inayorudi. Zikiwa za umri tofautitofauti, fungua chati ya presha na uandike muda wa kila pani ya mkupuo iliyofunguliwa. Zikiwa za umri mmoja, siku baada ya siku, kuna chumba kimoja chenye kasoro: bomba la shira, kina au sensa. Zikiwa chini ya 0.05 zote, umebana mno vyumba viwili vya mwisho. Shusha hapo peke yake, pointi nusu ya briksi, na uache kumi vilivyobaki.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha subiri masekwiti yote iliyokuwamo itoke, saa tatu au zaidi kulingana na mzigo wako, ndipo uchukue sampuli nyingine. Ukiona presha imetulia na punje bandia zimekwisha kwa zamu mbili mfululizo, anza kupandisha briksi kwa pointi 0.2 hadi 0.3 kwa hatua, kuanzia vyumba vya katikati ambako uso wa punje ni mkubwa na shira bado inaingia. Vyumba vya mwisho viguse baadaye kabisa.